MAARIFA YA NYUMBANI: Deni Lililofichwa na Mstari Mfupi

Katika kambi moja iliyoko mashariki mwa Uganda, wanawake thelathini na wanne, wake wa askari pamoja na wajane wawili, walikuwa na chama cha akiba. Kila juma kila mwanachama alitoa shilingi 10,000, na baada ya majuma 48 fedha za michango peke yake zilikuwa zimefika shilingi 16,320,000, mbali na faida ya mikopo. Kwa miaka mingi hesabu hizo ziliandikwa kwa kalamu katika daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo mama mweka hazina alilifungia sandukuni, chini ya kitanda. Mwaka huo daftari lilikuwa limekaribia kujaa, na koplo mmoja, karani wa kikosi, alikuwa na kompyuta yake ya kupakata. Basi wanachama wakakubaliana kwamba hesabu zihamishiwe katika mashine, kisha karatasi moja ichapwe na kusomwa mbele ya wote siku ya kugawana.

Koplo aliifanya kazi hiyo kwa moyo safi na bila malipo. Alitumia programu ya lahajedwali, yaani ile programu inayogawa uso wa kompyuta katika safu za kusimama na mistari ya kulala, na kila mahali safu na mstari vinapokutana pakawa na kisanduku cha kuandikia. Safu ya kwanza ilikuwa ya namba, ya pili ya majina, ya tatu ya michango, ya nne ya maelezo, ya tano ya mgao. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda unadhifu kama ilivyo desturi ya makarani wa jeshi, aliona haya kupeleka karatasi ambayo safu moja ni nene na nyingine nyembamba, mstari mmoja mrefu na mwingine mfupi. Akachagua jedwali zima, akaamuru safu za hesabu ziwe na upana wa 8, safu ya maelezo upana wa 16, na mistari yote iwe na kimo cha 15. Jedwali likapendeza kama gwaride. Likachapwa mjini katika duka la picha na nakala, nakala thelathini na nne.

Jumamosi ya mgao watu walikaa chini ya mwembe. Mama mwenyekiti alipofika mwisho wa safu ya michango, pale ambapo jumla ya mwaka ilipaswa kusomwa, alinyamaza. Mahali pa jumla hapakuwa na tarakimu hata moja. Palikuwa na vijialama vilivyopangana kama uzio wa fito: ########. Akaigeuza karatasi, akaitazama nyuma, akamwuliza mama mweka hazina, "Mwenzangu, hapa mmefuta nini?"

Neno hilo "kufuta" lilipotoka halikurudi tena. Palikuwa na wanachama ambao waume zao walikuwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na kila shilingi waliyoiweka walikuwa wameieleza kwa simu, juma baada ya juma. Wakaanza kunong'onezana kwamba jumla imekwanguliwa kwa kusudi. Mama mweka hazina, ambaye hakuwahi kuiona programu ile ikifanya kazi, hakuwa na la kujibu ila kuapa.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa katika mstari wa ishirini na mbili, na kwa kuwa wote walikuwa wakiutazama uzio, nusura lipite kimya. Mstari huo ulikuwa wa mjane mmoja ambaye mumewe alifariki mwaka uliotangulia, na ambaye alikuwa akijiandaa kuhama kambini na watoto wake wanne kurudi nyumbani kwao. Mgao huo ndio aliokuwa akiutegemea kwa mabati ya nyumba. Katika safu ya maelezo, mbele ya jina lake, pameandikwa: "Alikopa 600,000". Basi. Mchango wake wa mwaka ulikuwa shilingi 480,000. Mama mwenyekiti akapiga hesabu hadharani, akasema kwa upole kwamba, faida ikiwekwa kando, mwenzao hana cha kupokea, bali atakuwa amebakiwa na deni la shilingi 120,000.

Mjane akasema, "Nililipa." Akasema mara moja tu, kisha akakaa.

Aliyeokoa jambo alikuwa mgeni, dada wa mwanachama mmoja, mwanamke askari wa polisi aliyekuwa likizoni, ambaye kabla ya kuandikishwa alisomea kazi ya uhasibu. Aliomba kuiona karatasi, akacheka kidogo, akamwendea koplo. "Afande," alisema, "karatasi hii haina uongo, ila imekatwa. Mashine iko wapi?"

Kompyuta ikaletwa, ikawekwa juu ya meza ndogo. Yule askari akabofya kisanduku chenye uzio. Juu kabisa ya jedwali, katika kile kibao kirefu kinachoonyesha kilichomo ndani ya kisanduku, ikatokea kanuni ya kujumlisha, nzima, haikuguswa. Akapeleka kipanya juu, kwenye mpaka ulio kati ya herufi ya safu ile na herufi inayofuata, akabofya mara mbili upesi. Safu ikapanuka kwa kadiri ya unene wa kidole, uzio ukatoweka, na mahali pake pakasimama 16,320,000.

Hapa yafaa simulizi lisimame kidogo, maana kosa lililotokea chini ya mwembe ule hutokea katika stoo za vikosi, katika ofisi za shule na katika vituo vya polisi kila siku, na watu wengi hulirekebisha kwa njia inayoongeza madhara. Mtu akiuona uzio hudhani tarakimu zimepotea, akaziandika upya kwa mkono juu ya kanuni. Tangu dakika hiyo jumla ile ni jumla iliyokufa: michango ikibadilika, yenyewe haibadiliki. Ni afadhali uzio mia moja kuliko jumla moja ya namna hiyo.

Kisanduku cha lahajedwali ni dirisha, si ghala. Kinachohifadhiwa ni kitu kimoja, na kinachoonekana dirishani ni kitu kingine. Maneno yakizidi upana wa kisanduku, humwagikia kisanduku cha jirani ikiwa jirani ni mtupu. Jirani akiwa na kitu, maneno hukatwa ukingoni, wala hakuna alama yoyote ya kuonya katika programu ya Excel. Tarakimu haziruhusiwi kumwagika wala kukatwa, na sababu yake ni ya busara. Shilingi 16,320,000 ikikatwa mwanzo au mwisho itasomeka kuwa fedha nyingine kabisa, na msomaji hatajua. Kwa hiyo waundaji waliona ni heri pasionekane chochote kuliko kuonekana uongo, wakaweka uzio. Uzio basi si kosa la hesabu. Ni mlinzi anayekataa kufungua lango nusu.

Upo uzio wa aina nyingine ambao hata safu ipanuliwe kiasi gani hauondoki. Huo hutokea katika tarehe na saa, pale mtu anapotoa tarehe ya mbele katika tarehe ya nyuma na jibu likawa chini ya sifuri. Hapo kasoro si upana, ni mpangilio wa kutoa, na dawa yake ni kuzigeuza tarehe mahali pake.

Sasa swali aliloliuliza koplo, na ambalo lilikuwa swali la haki: kwa nini safu hazikujipanua zenyewe, ilhali siku nyingine hujipanua? Jibu ni kwamba safu huja na upana wa kawaida uliowekwa na waundaji, na maadamu safu haijaguswa na mkono wa mtu, Excel huipanua kidogo tarakimu ndefu inapoandikwa ndani yake. Mtu akishaamuru upana fulani, hata kama ni upana uleule wa mwanzo, programu hulitii neno lake na haijipanulii tena. Koplo alipochagua jedwali lote na kuamuru 8, alilinyima jedwali lote uhuru huo. Michango ya mtu mmoja mmoja, 480,000, ilienea vizuri. Jumla ya tarakimu nane na mikato yake miwili haikuenea.

Na upana huo wa kawaida ni kiasi gani? Kwa miaka mingi, tangu 2007 aina ya herufi iitwayo Calibri ya ukubwa wa 11 ilipofanywa kuwa ya kuanzia, mtu aliyefungua Excel mpya akauliza upana wa safu alijibiwa 8.43. Wengi wameishangaa namba hiyo, kana kwamba ilitoka katika hirizi. Asili yake ni hesabu ya darasa la sita. Upana wa safu haupimwi kwa sentimita, bali kwa idadi ya tarakimu za herufi ya kawaida zinazoweza kukaa humo. Tarakimu moja ya Calibri 11 huchukua vidoti 7 vya kioo. Waundaji walitaka nafasi ya tarakimu 8, yaani vidoti 56, wakaongeza vidoti 5 vya pambizo na mstari wa mpaka, jumla 61. Kisha hukuzwa mpaka kufikia namba inayogawanyika kwa 8, ndiyo 64. Toa vidoti 5 vya pambizo katika 64, hubaki 59; gawanya kwa 7, jibu ni 8.43. Hakuna uchawi wowote.

Mistari ya kulala hupimwa kwa kipimo kingine, kile cha wachapaji wa vitabu kiitwacho pointi, ambapo pointi 72 hufanya inchi moja. Kimo cha kawaida kwa Calibri 11 ni pointi 15, sawa na vidoti 20 vya kioo. Zamani, herufi ya kuanzia ilipokuwa Arial ya ukubwa wa 10, kimo kilikuwa 12.75. Safu haiwezi kuzidi upana wa 255, na mstari hauwezi kuzidi pointi 409, ambayo ni kama sentimita 14 na nusu. Ndiyo maana mtu anayejaza barua nzima ndani ya kisanduku kimoja, na wapo, hufika mahali mstari unakataa kurefuka.

Kutoka katika habari hiyo msomaji ataona mara moja chanzo cha fadhaa nyingine inayowapata makarani: jedwali lililopendeza katika mashine ya ofisini hufika katika mashine ya duka la kuchapia likiwa limevurugika, safu ya mwisho imerukia ukurasa wa pili, uzio umeota mahali ambapo haukuwapo. Kwa kuwa upana unahesabiwa kwa tarakimu za aina fulani ya herufi, mashine isiyokuwa na aina hiyo huazima nyingine, na kipimo chote hubadilika. Jambo hili limezidi tangu 2023, mwaka ambao kampuni ya Microsoft ilitangaza jamii mpya ya herufi iitwayo Aptos kuchukua mahali pa Calibri. Mashine zenye programu za zamani hazina herufi hiyo. Kinga iliyo rahisi ni kuligeuza jedwali kuwa faili la PDF kabla halijatoka nyumbani, kwa maana PDF huchapwa jinsi ilivyo. Kinga ya pili ni kutumia herufi ambayo hata mashine kuukuu inayo, Arial kwa mfano.

Turudi chini ya mwembe, kwenye mstari wa ishirini na mbili.

Yule askari polisi alipomaliza jumla, hakufunga mashine. Alimwuliza mjane, "Mama, ulilipa lini?" Mjane akajibu kwamba ilikuwa mwezi wa Septemba, siku ambayo mtoto wake wa pili alirudishwa kutoka shuleni kwa homa, naye aliikumbuka kwa sababu alitoka kwa mama mweka hazina akaenda moja kwa moja zahanati. Kisanduku cha maelezo kikabofywa. Katika kibao cha juu maneno yakatokea yote: "Alikopa 600,000 mwezi wa Mei, alirudisha zote pamoja na faida 30,000 tarehe 14 Septemba."

Koplo alikuwa ameyaandika yote kutoka daftarini bila kuacha neno. Tena alikuwa ameamuru maneno yajikunje, yaani yakifika ukingoni yashuke mstari wa chini, na yaanzie juu ya kisanduku. Kwa upana wa 16, maneno mawili ya kwanza yalijaza mstari wa juu, na yaliyobaki yakashuka. Lakini kimo cha 15 kinatosha mstari mmoja tu wa maandishi, na kwa kuwa kimo hicho kiliamriwa kwa mkono, mstari haukurefuka. Sentensi iliyokuwa ushahidi wa malipo ikageuka kuwa hati ya mashtaka, na katika karatasi iliyochapwa hapakuwa na hata kijialama cha kuonyesha kwamba kuna maneno yaliyobaki chini.

Hili ndilo la kuogopwa kuliko uzio. Uzio hupiga kelele. Mstari mfupi hukaa kimya. Tarakimu zilizokosa nafasi humshtua kila mtu, bali maneno yaliyokosa nafasi humdanganya hata aliyeyaandika.

Dawa yake ni nyepesi. Juu ya namba za mistari, upande wa kushoto, mtu hupeleka kipanya katika mpaka ulio chini ya namba ya mstari, akabofya mara mbili, na mstari hurefuka kwa kadiri ya maandishi yake. Kwa jedwali zima, hubofya pembe ya juu kushoto ambapo herufi na namba hukutana, kila kitu kikachaguliwa, kisha hubofya mara mbili mpaka wowote wa mistari. Anayependa menyu ataikuta amri hiyo chini ya Home, katika Format, kwa jina la AutoFit Row Height. Na dada yake ya safu ipo papo hapo. Tangu hapo mstari hurudishiwa uhuru wake wa kurefuka wenyewe, mpaka mtu auguse tena.

Ipo hali moja ambayo amri hiyo haifui dafu: visanduku vilivyounganishwa viwili vitatu kuwa kimoja. Katika hivyo mstari haujipimi, nawe utabofya mpaka kidole kiume. Makarani hupenda mno kuunganisha visanduku ili kichwa cha habari kikae katikati. Kwa kichwa cha habari hakuna ubaya. Kwa mistari yenye hesabu na maelezo ya watu, tabia hiyo yafaa iachwe kabisa.

Na kuna kosa la asili lililotangulia mambo ya upana na kimo. Fedha ziliwekwa ndani ya maneno. Mkopo ulipaswa kuwa na safu yake, malipo safu yake, na baki safu yake ya tatu inayojihesabu. Kama jedwali lingekuwa na safu ya baki, mbele ya jina la mjane pangesimama sifuri, na sifuri haihitaji nafasi kubwa. Katika daftari la zamani mama mweka hazina aliweza kuandika sentensi pembeni, kwa sababu kalamu hujitafutia mahali. Mashine haina pembeni.

Daftari lenyewe likaletwa. Ukurasa wa tarehe 14 Septemba ulikuwa na sahihi mbili, ya mama mweka hazina na ya mjane. Mama mwenyekiti akasimama, akaomba radhi mbele ya wote, na kwa kweli aliomba vizuri. Wengine walianza kunyosha mikono wapokee fedha zao jua lisizame. Mjane alikataa kupokea. Alisema kwamba karatasi thelathini na nne zinazosema anadaiwa zimo mikononi mwa watu, na karatasi haisikii radhi. Aliomba zirudishwe zote, zichapwe upya, ndipo apokee. Mgao ukaahirishwa hadi siku ya pili, na walionung'unika walikuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa.

Usiku ule koplo na yule askari polisi walikaa na mashine, na huko ndiko lilikotokea tatizo la mwisho. Koplo alifungua jedwali jipya ndani ya faili lilelile ili kutenganisha mikopo na michango, akanakili safu zake akazipeleka huko. Upana wote ukapotea. Safu zikarudi 8.43. Akadhani mashine ina ugonjwa. Haina. Anayenakili visanduku hunakili kilichomo na rangi zake, si upana wa safu. Upana ni mali ya safu yenyewe. Ama achague safu nzima kwa kubofya herufi yake kabla ya kunakili, ama wakati wa kubandika achague ile njia ya kubandika inayohifadhi upana wa safu za asili.

Akitaka safu zote za jedwali jipya zianze na upana mwingine, tuseme 12, hana haja ya kuchagua kila kitu na kuamuru upana kama alivyofanya mwanzo. Katika menyu ileile ya Format ipo amri iitwayo Default Width. Upana unaoandikwa humo huwa ndio wa kawaida kwa kila safu ambayo haijaguswa, na safu hizo hubaki na uhuru wa kujipanua. Lakini amri hiyo ni ya jedwali moja tu: jedwali lingine likiongezwa huja na upana wa waundaji. Kwa kimo cha mistari hakuna amri inayofanana nayo. Kimo hufuata ukubwa wa herufi ya mtindo wa kawaida wa faili, ule uitwao Normal. Mtindo huo ukipewa herufi kubwa zaidi, mistari yote isiyoguswa hurefuka, na safu nazo hupimwa upya.

Mwenye kuchoshwa na kurudia hayo kila mwezi hutengeneza faili tupu lenye upana, herufi na vichwa anavyovitaka, akalihifadhi kama kiolezo, na kila mwezi hufungua kiolezo hicho badala ya faili tupu la programu.

Wale wanaotumia LibreOffice, programu isiyouzwa ambayo ofisi nyingi na watu wengi huipakua bila malipo, watakuta vipimo vingine: safu ina upana wa sentimita 2.26 na mstari kimo cha sentimita 0.45. Humo kuna wema mmoja ambao Excel haina. Maneno yakikatwa ukingoni, kipembetatu kidogo chekundu hutokea kumwonya mtazamaji. Katika Google Sheets safu huanza na vidoti 100 na mstari vidoti 21. Kanuni ni zilezile kote.

Kwa familia zinazotunza namba za simu na za akaunti katika majedwali, kuna tahadhari ambayo huchanganywa na mambo ya upana ingawa si yake. Namba ya simu yenye tarakimu 12, ile inayoanza na 256, huonekana kama 2.56E+11 hata safu iwe pana kama mlango. Kuipanua safu hakusaidii. Hiyo ni namna ya programu kufupisha namba kubwa. Sifuri ya mwanzo wa namba ya simu nayo humezwa, na namba ndefu kuliko tarakimu 15 hupoteza tarakimu zake za mwisho na kuwekewa sifuri, hasara ambayo hairudishiki. Namba za namna hiyo si za kujumlishwa. Safu yake yafaa iamriwe kuwa ya maneno kabla ya kuandika chochote, si baadaye.

Na anayekagua hesabu za wengine, afisa wa stoo au mwanachama wa kawaida, atazame kwanza namba za pembeni kabla ya fedha. Zikiruka kutoka 14 kwenda 16, mstari wa 15 upo, ila kimo chake ni sifuri. Herufi zikiruka kutoka C kwenda E, safu ya D imefichwa. Pengine imefichwa kwa nia njema, ili karatasi ienee. Hata hivyo aombe ifunguliwe.

Upana wa safu ni tatizo lililozaliwa pamoja na programu hizi. VisiCalc, lahajedwali ya kwanza iliyouzwa kwa kompyuta ndogo mwaka 1979, kazi ya Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston, ilikuwa na safu 63 na mistari 254, na safu zote zilipaswa kuwa na upana mmoja. Aliyetaka majina marefu alilazimika kuzipanua na safu za tarakimu. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliruhusu kila safu upana wake, na mahali tarakimu zilipokosa nafasi iliweka vinyota. Excel ilipofika, mwaka 1985 kwa kompyuta za Macintosh, ilikuta desturi hiyo. Leo ina safu 16,384 na mistari 1,048,576, nafasi ya kutosha kuandika jeshi zima, na bado shilingi milioni kumi na sita zinaweza kukosa pa kukaa.

Jumapili alasiri nakala mpya zilifika kutoka mjini. Safu hazikuwa sawa, mistari mingine ilikuwa mirefu mara tatu ya mingine, na koplo alizigawa bila kutazamana na mtu. Mjane alitafuta jina lake, akausoma mstari wa ishirini na mbili mpaka mwisho, akamtaka mama mwenyekiti ausome kwa sauti. Kisha akapokea fedha zake, akazihesabu, akaikunja karatasi mara nne na kuitia katika kitambulisho cha marehemu mumewe.